Boti Kuukuu ya Faiba: Ufa Ni Dalili, Uozo Uko Ndani
(Maelezo yaliyotolewa kwa mafundi na vijana, Kahawa Wendani)



Wendani haina ziwa wala bahari. Boti za faiba ziko Naivasha, kule Bonde la Ufa, zikibeba watalii na wavuvi. Lakini ufundi wenyewe uko hapa. Anayeziba bampa ya matatu iliyopasuka kando ya Thika Road hutumia resini na nyuzi za kioo, vitu vilevile vinavyojenga boti. Kwa hiyo boti kuukuu ikiletwa, fundi huikubali bila wasiwasi. Hapo ndipo hatari ilipo. Bampa ikiachia, gari bado hufika gereji. Boti ikiachia katikati ya ziwa, watu huzama.

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: plaiwudi ya sakafu, mataruma, na hasa ubao wa tezi unaobeba injini. Maji huingia kupitia tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, yakakaa humo miaka. Ubao ukilainika, faiba hubaki peke yake, huanza kunepa, kisha hupasuka. Anayeziba ufa huo na kupaka rangi amefunika kidonda chenye usaha.

Basi kabla ya kukubaliana bei, boti igongwe kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Palipo pazima hutoa mlio mkavu. Palipooza hutoa mlio mzito, uliokufa. Kisha sehemu hiyo itobolewe kidogo kutoka ndani, bila kutoboa upande wa pili. Unga wa mbao ukitoka mweusi na umelowa, faiba ya ndani ikatwe, mbao zote mbovu zitolewe, na boti ianikwe chini ya paa mpaka ikauke kabisa. Wiki kadhaa, si siku mbili. Mwenye boti atalalamika, aambiwe mapema.

Ufa nao haujazwi tu. Kingo zake huparuliwa kwa mteremko mpana, takriban mara 12 ya unene: faiba ya milimita 6 inahitaji sentimita 7 hivi kila upande. Mteremko huo ndio unaoshika kiraka. Epoksi hushika faiba ya zamani vizuri kuliko resini ya kawaida ya bampa, ingawa ni ghali.

Wakitumia resini ya kawaida, kigandishi huwa gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Julai, baridi ya Ruiru ikizidi, wengi humwaga zaidi ili kazi ikauke haraka. Kiraka hutoka kikavu kama kigae na hupasuka tena. Afadhali kungoja jua. Tone moja la kigandishi hicho likiingia jichoni laweza kupofusha, na vumbi la faiba huharibu mapafu. Miwani na barakoa visikosekane, na watoto wasicheze karibu.

Kuna boti zisizofaa kukarabatiwa: tezi, sakafu na mataruma vyote vikiwa vimeoza, gharama hupita thamani yake. Zikitengenezwa, zijaribiwe kwanza kwa magunia ya mchanga, karibu na ufuo. Ya kubeba abiria ikaguliwe pia na KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla mtu yeyote hajalipa nauli.