Mtoto wa Nasari Anajifunza Nini Anapocheza?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ukambani)



Tumeombwa tuzungumze juu ya shule za nasari. Tutasema wazi, kwa maana jambo hili limeanza kuwagawanya wazazi. Tunapozunguka vijijini tunasikia neno moja: "Pale nasari hawasomi, wanacheza tu." Kwa sababu ya neno hilo wazazi wengine wanawahamisha watoto wa miaka minne kwenda shule za mbali, wakae kwenye dawati tangu asubuhi na kupewa mitihani. Wengine wamebaki, lakini wameacha kuchanga uji. Basi, kabla hatujaiacha nasari yetu ife, tuingie ndani tuone kinachofanyika huko.

SIKU MOJA NASARI

Asubuhi mwalimu anawapokea watoto mmoja mmoja kwa jina. Anatazama kucha, macho na ngozi. Hapo ndipo upele na jicho jekundu huonekana mapema, na mzazi huambiwa ampeleke mtoto zahanati. Kisha watoto wanakaa duara, wanaimba, na kila mmoja anatoa habari za nyumbani: mbuzi amezaa, baba amesafiri, mvua imeingia ndani. Wewe unaona ni porojo. Lakini mtoto huyo anajifunza kupanga maneno yake na kusikiliza ya wenzake. Asiyeweza kusimulia habari kwa mdomo atataabika sana kuisoma kitabuni.

Tena anasimulia kwa Kikamba, na wazazi wengine hawapendi. Wanataka Kiingereza siku ya kwanza. Jamani, mtaala wa Kenya wenyewe unasema mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Mtoto hujenga lugha ya pili juu ya ile aliyo nayo. Ukimnyang'anya ya kwanza, atajengea wapi?

Baadaye inakuja hesabu. Mwalimu analeta vizibo vya soda, mbegu na magunzi ya mahindi. Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kukosea, lakini mwambie, "Niletee mawe matatu," analeta konzi nzima! Kuimba namba si kuhesabu. Anajifunza kuhesabu anapopanga vizibo vitatu hapa, vitano pale, na kuona kwa macho yake upande upi una vingi.

Na kuandika je? Vidole vya mtoto wa miaka minne havijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu. Ndiyo sababu anafinyanga udongo, anatunga shanga, anasokota nyuzi za mkonge kama mama anayeshona kiondo, na anachora kwa kidole kwenye mchanga wa mto. Hayo yote yanaitia nguvu mikono itakayoandika kesho.

Pembeni mwa darasa kuna duka la mikebe tupu. Mmoja anauza, mwingine ananunua, na senti ni mawe. Nje kuna mpira wa makaratasi, na wote wanautaka kwa wakati mmoja! Hapo mtoto anajifunza kungoja zamu, kuomba msamaha na kuanza tena. Watu wazima wangapi katika vikundi vyetu wangefaidika na somo hilo?

Kipindi kimoja ni dakika 30 tu, kwa sababu akili ya mtoto huchoka upesi. Halafu wananawa mikono, wanakunywa uji, wanasikiliza hadithi, wanapumzika, wanarudi nyumbani. Hiyo ndiyo shule yao.

"SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI"

Wazazi wengine hutujibu kwa methali hiyo. Ni kweli. Lakini methali imesema mkunje, haikusema mvunje. Mtoto anayepigwa kwa kushindwa kuandika herufi "b" akiwa na miaka minne anajifunza jambo moja tu: kuogopa shule.

Wengine wanahofia kwamba mtoto wao hatapokelewa Gredi ya Kwanza bila mtihani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili ikubali au ikatae kumpokea. Inaweza tu kumpima ili ijue darasa linalomfaa. Mjue haki yenu.

NASARI NI YETU

Tangu uhuru mwaka 1963, wazazi wa Kenya walijenga nasari kwa harambee na kumlipa mwalimu kutoka mifukoni mwao. Mwaka 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, lakini nasari hazikuwemo. Wazazi wengine waliwaweka watoto nyumbani wangojee darasa la kwanza la bure. Katiba ya mwaka 2010 ikaziweka nasari mikononi mwa serikali za kaunti. Leo miaka miwili ya nasari, yaani PP1 na PP2, imo katika mtaala wa taifa.

Hayo ni maendeleo. Lakini kaunti ikiajiri mwalimu, haimaanishi sisi tumemaliza kazi. Mahali ambapo kaunti haileti uji, ni nani atauleta? Mtoto aliyetoka nyumbani bila kitu tumboni hasikii hadithi wala haoni vizibo. Anasinzia.

Haya, tufanye hesabu pamoja. Tuseme nasari ina watoto 30. Kila mzazi akileta kilo moja ya unga kwa mwezi, tunapata kilo 30. Mwezi ukiwa na siku 20 za shule, hiyo ni kilo moja na nusu kila siku, au gramu 50 kwa kila mtoto. Kikombe kizuri cha uji hicho. Unga ukichanganywa wa mahindi na wa wimbi au mtama, ni bora zaidi. Asiye na unga alete kuni, au debe la maji, au aje apike siku moja.

Hapa tunaomba mambo mawili, na tunawaomba kwa nguvu.

La kwanza: msilete mahindi yenye ukungu. Tunajua mahindi yaliyoharibika ndiyo rahisi kutoa. Lakini mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu 125 katika sehemu zetu hizi, wengi wao Makueni na Kitui. Kuyasaga hakuondoi sumu, na kuyapika hakuiondoi. Mahindi usiyotaka kuyaweka kwenye sufuria yako, usiyapeleke kwenye sufuria ya nasari.

La pili: mtoto asinyimwe uji wala asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuleta unga. Deni ni la mzazi. Kamati iende kwa mzazi huyo jioni, kwa heshima, imuulize ana shida gani. Labda ni mjane, labda ni mgonjwa. Mtoto wa miaka minne anayetazama wenzake wakinywa hawezi kuelewa habari za mchango. Yesu aliposema watoto waachwe waje kwake, hakuuliza nani amelipa.

Wazee wetu walichimba matuta ya kuzuia udongo kwa mwethya, shamba hili leo, lile kesho, hata la asiye na nguvu. Nasari pia ni shamba la mwethya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni lini tulikwenda nasari yetu mara ya mwisho, tukakaa asubuhi nzima tukitazama?

2. Ni vitu gani vya bure hapa kijijini tunavyoweza kumkusanyia mwalimu juma hili?

3. Nani anakagua unga kabla haujapikwa, na unahifadhiwa mahali pakavu?

4. Kuna mtoto gani hapa kijijini ambaye angekuwa nasari lakini yuko nyumbani? Nani kati yetu atakwenda kuongea na wazazi wake?

Swali hilo la nne msiliache mpaka mmetaja jina la atakayekwenda, na siku. Mungu awabariki.