Zile Taa Zinazotembea Angani
(Mafundisho kwa washirika, Bujumbura)



Wewe unayekaa kando ya Ziwa Tanganyika umezoea taa za usiku. Giza likiingia, wavuvi wa ndagala wanawasha taa zao na ziwa linakuwa kama mji. Hazikutishi, maana unajua nani kaziwasha. Lakini taa zikionekana juu angani, zimejipanga mstari mmoja, zinakwenda kimya kimya, magoti yanalegea. Si ndiyo?

Leo nina jambo la kuungama. Alfajiri moja mama mmoja wa huduma yetu alinipigia simu toka ng'ambo ya ziwa: “Mchungaji, nyota zinatembea kama msafara! Ndiyo siku yenyewe?” Sikuuliza kitu. Nikamjibu, “Mama, jiandae, muda umekwisha.” Juma lile lile akauza cherehani yake, iliyokuwa inasomesha watoto. Alidhani nimesema kwa Roho. Kumbe nilisema kwa woga.

Sikia nilichopaswa kumwambia. Zile ni setilaiti za Starlink, za kampuni ya SpaceX ya Marekani. Kundi la kwanza, setilaiti 60, lilirushwa Mei 2019. Zinabebwa nyingi kwa roketi moja na kuachiliwa pamoja, ndiyo maana siku za kwanza zinafuatana kama mabehewa ya treni. Baadaye zinapanda juu zaidi na kutawanyika. Kazi yake ni kuleta intaneti, na huduma hiyo imefika hata hapa Burundi mwaka 2024.

Hazina taa. Zinang'aa kwa jua. Kwetu chini kumeshakuwa giza, lakini kule juu jua bado linazipiga. Kwa hiyo utaziona zaidi jioni baada ya jua kuzama, au alfajiri kabla halijachomoza. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia, zinapotea ghafla. Hazijanyakuliwa!

Ukiona taa inayomwekamweka, hiyo ni ndege. Mwanga unaokatiza sekunde chache ni kimondo.

Je, nakataa ishara? Hasha! Luka 21 inasema zitakuwepo. Lakini sura hiyo hiyo Bwana anaanza kwa kutuonya tusidanganywe. Naye Yeremia, sura ya 10, anatukataza kutishwa na ishara za mbinguni kama mataifa wanavyotishwa. Yesu anarudi, amen! Ila kumngojea si kuuza cherehani.

Mama yule nilimwomba msamaha mbele ya kanisa. Tukachanga, akapata cherehani nyingine, watoto wanasoma.

Kwa hiyo, mpendwa, usiku ukiona jambo juu, kabla hujatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp, tazama vizuri, uliza anayejua, kisha omba. Na wewe mtumishi mwenzangu, ukipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri na hujui jibu, sema tu: “Sijui, mama. Ngoja niulize.”