Na Yeye Alipwe Mkononi

Leo tuongee kuhusu bustani za mboga na mtu tunayemkumbuka tu wakati wa kubeba maji.

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili. Msimu uliopita alimwagilia sukuma wiki ya jirani asubuhi na jioni, hakukosa hata siku moja. Siku ya malipo wenzake walipewa pesa. Yeye alipewa sahani ya ugali. Aliniuliza, "Yangu iko wapi?"

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa.

Wewe mwenye bustani, anza hivi. Mwonyeshe kazi moja, ifanyeni pamoja, kisha mwachie. Mkatie kijiti cha kupimia nafasi kati ya miche. Chora alama kwenye ndoo, ajue maji yaishie wapi. Usimbadilishie utaratibu ghafla. Na malipo mpe yeye mkononi, usinipe mimi nimpelekee.

Nilikwenda kwa jirani, tukaongea kwa heshima, akalipa. Mdogo wangu akanunua sukari, akamletea mama.

Tukutane wiki ijayo.