Sindano Inayonunua Safari

Baiskeli itokayo Kindu, mashariki mwa Kongo, kwenda Kasongo haipandwi, inasukumwa. Mwenyewe hutembea kando yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma, huku chumvi, sabuni, vitambaa na madumu ya mafuta vikiwa vimeifunika hata magurudumu hayaonekani vizuri. Njia ina zaidi ya kilomita 200 za mchanga, matope na vilima, na kila kilima hupandwa kwa goti na kiuno. Anayerudi akichechemea haombi kuelezwa ugonjwa wake. Anataka sindano.

Na huipata. Mjini Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli ng'ambo ya mto, farmasi ya mtaa iko karibu kuliko daktari. Atachomwa kwenye tako dawa ya maumivu, diklofenaki, pengine pamoja na deksamethasoni, na kesho yake anatembea. Kumcheka mtu huyo ni kosa, kwa maana nafuu aliyoipata ni ya kweli.

Mwaka 1948, huko Rochester nchini Marekani, Daktari Philip Hench alimchoma kotizoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache mama huyo aliinuka akatembea. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake wawili walipewa tuzo ya Nobel. Deksamethasoni ya leo ni ndugu wa kotizoni ile, tena ndugu mwenye nguvu zaidi.

Lakini sindano ya tako na sindano ya goti ni vitu viwili. Ile ya kwanza husambaza dawa mwili mzima. Ya pili, iliyoanza kuzoeleka baada ya Joseph Hollander wa Philadelphia kutangaza matokeo yake mwaka 1951, hupeleka dawa ndani ya kiungo chenyewe, baada ya ngozi kusafishwa na mara nyingi baada ya maji yaliyojaa gotini kuvutwa nje. Nafuu yake huhesabiwa kwa majuma, na madaktari huacha angalau miezi mitatu kabla ya kurudia. Goti lenye usaha haliguswi kwa dawa hiyo. Kijidudu kikiingizwa humo kwa sindano chafu, kiungo kinaweza kuharibika kabisa.

Hata hiyo ya kitaalamu ina mipaka. Watafiti wa Boston waliwafuatilia wagonjwa 140 wa magoti yaliyochakaa, wakawachoma kila baada ya majuma 12 kwa miaka miwili: nusu dawa ya jamii ya kotizoni, nusu maji ya chumvi. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Maumivu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana, ila waliopata dawa walipoteza gegedu zaidi, yaani ule mto laini unaozuia mifupa isisagane.

Ya tako ina hesabu yake pia. Deksamethasoni ikirudiwarudiwa hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na tezi za mwili huzembea kutengeneza homoni zake zenyewe. Ikiambatana na diklofenaki, tumbo linaweza kuchubuka hadi kutoa damu. Sindano iliyokosea mahali kwenye tako inaweza kugonga mshipa mkubwa wa fahamu, na mguu ukaburuzwa maisha yote.

Nchi hii ina sababu yake ya kuiogopa sindano chafu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, wauguzi walipewa mabomba ya sindano matano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote, na kati ya mgonjwa na mgonjwa yalisuuzwa kwa maji ya vuguvugu. Ebola ilipita humo. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280. Leo bomba la plastiki la mara moja lipo hata kwenye duka dogo, na mgonjwa ana haki ya kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake na jina la dawa likiandikwa kwenye karatasi yake.

Linabaki jambo ambalo farmasi haiuzi: mapumziko. Msukuma baiskeli akilala majuma mawili, nyumbani hawali, kwa hiyo hununua sindano ili anunue safari. Nguvu ya deksamethasoni hudumu mwilini kama siku mbili hivi. Kwa mzigo ule, siku mbili hazimfikishi Kasongo.