Kumi ni Zaidi ya Tatu



Mwenye duka mmoja aliposikia mada yangu aliniuliza, "Mwalimu, kweli chuo kinakulipa uulize kama mbili na mbili ni nne?" Kinanilipa, ingawa si sana. Na aliyelihangaikia swali hili kuliko wote ninaowajua ni Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111.

Katika Al-Munqidh min al-Dalal anasimulia alivyotafuta elimu ya yakini, isiyoacha hata upenyo wa shaka. Mfano wake ni wa hesabu. Anajua kwamba kumi ni zaidi ya tatu. Sasa aje mtu apinge, adai tatu ndiyo zaidi, na kwa ushahidi aigeuze fimbo kuwa nyoka. Tuseme fimbo imegeuka kweli, mbele ya macho yake. Ghazali anasema hataitilia shaka hesabu yake hata chembe. Atastaajabu tu mtu huyo amewezaje.

Wengi huufunga ukurasa hapo, nao wanakosa uhondo. Mbele kidogo Imamu anageuka dhidi ya nafsi yake. Macho yalimwambia kivuli kimetulia, akili ikayasuta: kivuli kinasogea. Basi pengine nyuma ya akili yupo hakimu mwingine, ambaye siku akitokea ataisuta akili kama ilivyoyasuta macho. Hata ile kumi na ile tatu zikaanza kumyumbia. Aliuugua ugonjwa huo karibu miezi miwili. Hoja haikumponya, maana hoja hujengwa kwa maarifa ya mwanzo, na hayo ndiyo yaliyokuwa kitandani. Anasema alipona kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Nuru hiyo siwezi kuichora ubaoni. Lakini ile sababu ya hoja kushindwa kumponya, wanahisabati wa Ulaya walikuja kukutana nayo miaka karibu mia nane baadaye, na iliwagharimu. Gottlob Frege, mwalimu wa chuo cha Jena huko Ujerumani, alitumia miaka mingi kujaribu kuisimamisha hesabu juu ya mantiki peke yake. Juzuu la pili la kazi yake lilikuwa tayari kwa mpiga chapa, ndipo ikaja barua ya mwanafalsafa Bertrand Russell ya tarehe 16 Juni 1902. Russell aliuliza jambo moja tu: lile kundi la makundi yote yasiyojijumuisha, je, lenyewe linajijumuisha? Ukijibu ndiyo, inakuwa siyo. Ukijibu siyo, inakuwa ndiyo. Frege akaongeza kiambatisho kukiri kwamba msingi wake umetikisika. Russell na mwenzake Whitehead wakaanza upya, na katika juzuu la kwanza la Principia Mathematica, la mwaka 1910, unafika ukurasa wa 379 ndipo wanapokuahidi kwamba moja na moja zitakuja kuwa mbili, kujumlisha kukishaelezwa. Mwaka 1931 mwanamantiki Kurt Gödel akaonyesha kwamba mfumo wa kanuni unaotosha kubeba hesabu, ikiwa haujipingi, hauwezi kulithibitisha hilo kwa kanuni zake wenyewe.

Sasa niambieni: barua ile ilipofika, muuza mayai wa Jena alipaswa kufunga kibanda? Mimi nasema hapana, na wala si kwa sababu hakuwa amesoma. Lau mfumo wa Frege ungetoa jibu kwamba moja na moja ni tatu, mfumo ndio ungetupwa. Hesabu ndogo ndizo zinazoipima misingi. Mwaka 2011 mwanahisabati Edward Nelson wa Princeton alitangaza kwamba amekuta mgongano katika kanuni za kawaida za hesabu. Mwanahisabati mwenzake, Terence Tao, akaonyesha palipokosewa, naye Nelson akaliondoa dai lake kiungwana. Lakini hata angekuwa sahihi, mafundi wangekwenda kukarabati kanuni kubwa zinazohusu namba zote zisizo na mwisho. Mbili na mbili zisingeguswa.

Basi yakini ya hesabu hizo ndogo hutoka wapi? Mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika mwaka 1843 kwamba hesabu tunaijua kwa kuzoea vitu, kama vile kokoto. Nendeni basi kwenye kokoto zenyewe, pale panapochanganywa zege. Karai nne za kokoto na karai mbili za mchanga hazitoi karai sita. Saidia fundi anajua, na hatangazi kwamba hesabu imekosea. Anasema mchanga umeingia kati ya mawe. Hiyo ndiyo fimbo ya Ghazali, na nyoka wake ni karai pungufu.

Yakini hiyo, hata hivyo, ni ya sentensi fupi, ile ambayo akili huiona kwa mtazamo mmoja. Mkinipa safu ndefu nitawaomba radhi. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Usiku mmoja nilijumlisha michango ya daftari zima nikapata shilingi 2,317,000. Nikarudia, nikapata 2,335,000. Ubaridi ulinipitia, maana kamati za harusi hazina huruma. Tofauti ilikuwa 18,000. Ila 18 inagawanyika kwa tisa, na tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawanyika kwa tisa, kwa sababu ukitoa moja kwenye kumi inabaki tisa. Nikajua nitafute elfu ambazo tarakimu zake zimepishana kwa mbili. Nilizikuta kwenye mstari wa mjomba wa bwana harusi: alitoa 64,000, nami mara ya kwanza nilisoma 46,000.