Hata dhahabu tunaipima kwanza

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa Bafwasende, hapa Tshopo. Tunayaweka hapa kwa wenzetu wa Kisangani na wa miji mingine ambao hawakuweza kufika.



Tumetoka Kisangani kwa RN4, zaidi ya kilomita 250, na ile barabara mnaijua wenyewe. Leo hatukuja kuzungumza juu ya uchaguzi wala bajeti ya jimbo. Tumekuja kuzungumza juu ya telefone iliyo mfukoni mwako, na feza zinazotoka humo bila kurudi. Tunasema kripto, sarafu za mtandaoni, na wezi wanaojificha nyuma ya jina hilo.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Tukianza na ya wengine, mtasema tunajifanya wajanja.

Sisi tuna likelemba yetu Kisangani. Tuko watu 15, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 20, na zote 300 zinakwenda kwa mwenye zamu. Mwaka jana mmoja wetu alileta linki kwenye kundi letu la WhatsApp. Si mwizi. Ni mtu tuliyetembea naye katika maandamano, mtu ambaye ungemwachia mtoto wako. Alikuwa ameweka dola 10, baada ya wiki moja akatoa 13. Feza ziliingia kweli kwenye telefone yake, tuliona SMS. Wengine wakajaribu, nao wakalipwa. Halafu mtunza feza wetu akasema: zamu ijayo imebaki wiki mbili, hizi 300 zimelala tu, tuziweke zizae kidogo. Tukakubali. Hatukumuuliza dada mwenye zamu.

Baada ya siku kumi skrini ilionyesha dola 412. Tukafurahi. Tulipotaka kutoa, ikaja ujumbe: lipeni kwanza dola 60 za kodi. Tukachanga, tukalipa. Ukaja ujumbe mwingine: konti yenu imefungwa, lipeni 40 ifunguliwe. Hapo ndipo macho yakafunguka. Kesho yake kundi la Telegram lilikuwa halipo tena, na ile programu haikufunguka. Zilikwenda dola 360.

Yule dada alikuwa alipe nazo masomo yake. Mpaka leo tumemrudishia 220, na tunaendelea kulipa. Yeye ndiye aliyetuambia neno ambalo limetuleta hapa: "Ninyi mnamwambia gavana atoe hesabu. Mbona ile linki hamkuiomba hesabu?"

Hatukuwa na la kujibu.

Wenzetu wa Bafwasende, ninyi mnajua jambo ambalo sisi wa mjini tulilisahau. Hapa dhahabu inatoka ardhini. Mchimbaji akileta dhahabu yake kwa mnunuzi, hata kama ni shemeji yake, mnunuzi hatoi franka kabla hajaitazama, hajaipima kwenye mizani. Na mchimbaji naye anatazama kama mizani ni ya haki. Hakuna anayemwambia mwenzake "unanitukana". Kupima si kumchukia mtu. Basi na sarafu za mtandaoni tuzipime vilevile. Mizani yetu ni maswali manne.

Swali la kwanza: feza za faida zinatoka wapi? Likelemba tunaijua. Unachopokea ni kile wenzako walichotoa, hakuna anayepata zaidi ya haki yake. Shamba tunalijua, machimbo tunayajua. Lakini mtu akikuambia "kompyuta inafanya biashara ya kripto na inakupa asilimia 2 kila siku", chukua kalamu. Dola 100 zikiongezeka kwa asilimia 2 kila siku, na faida ikiachwa ndani, baada ya mwaka mmoja zinapita dola 137,000. Mwaka wa pili zinapita milioni 189. Kama mashine hiyo ingekuwapo kweli, mwenyewe angehitaji dola 10 zako za nini? Ukweli ni kwamba dola 13 alizopata mwenzetu zilikuwa dola za mtu mwingine aliyeingia nyuma yake. Zilikuwa chambo, na sisi tulikuwa samaki.

Swali la pili: kwa nini wananitaka nilete watu? Programu yetu ilikuwa na ngazi, VIP 1, VIP 2, VIP 3. Ukileta watatu unapanda. Biashara ya kweli inatafuta wanunuzi wa kitu. Hii haina kitu cha kuuza, inatafuta watu wapya tu, kwa sababu siku watu wapya wakikosekana, feza za kuwalipa wa zamani zinaisha. Na ni nani tunaowaleta? Ni kaka, mama mdogo, mwenzetu wa kwaya. Mwizi yuko mbali na hatujui uso wake. Jina letu ndilo linalofungua mlango.

Swali la tatu: nani atajibu feza zikipotea? Feza zetu tulizituma kwa namba ya mtu binafsi, eti yeye atatubadilishia kuwa kripto. Hakuna anuani, hakuna karatasi, hakuna jina. Sheria ya nchi yetu iko wazi: sheria namba 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022 inasema anayepokea amana za watu lazima awe na kibali cha Benki Kuu ya Congo. Muulize kibali kiko wapi. Akikasirika, umeshapata jibu. Na mjue kwamba Bitcoin ikishatumwa hairudi nyuma. Hakuna mtu wa kabini wa kumpigia umwambie "nilikosea namba".

Swali la nne: naweza kutoa zote leo? Namba kwenye skrini si feza, ni maandishi. Mwenye programu anaweza kuandika 412 au 4,000, haimgharimu kitu. Na mahali popote wanapokudai ulipe kwanza ndipo utoe feza zako mwenyewe, hata wakiita kodi, uhakiki au kufungua konti, simama hapo. Kama wana feza zako mkononi, juu ya nini wasikate humo humo?

Kuna anayesema: mnaogopa teknolojia. Hapana. Hatusemi kripto yote ni wizi. Bitcoin iko tangu Januari 2009, na daftari lake liko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kutazama feza zilivyotoka hapa kwenda pale. Lakini hata hiyo ya kweli bei yake inapanda na kushuka vibaya, na hakuna anayeweza kukuahidi faida ya kila wiki. Anayeahidi, ndiye wa kuogopa.

Na wizi wenyewe haukuanza na intaneti. Waulizeni wazee. Mwaka 1991, wakati wa Zaire, Kinshasa ilishikwa na homa ya Bindo. Nchi ilikuwa inazama, mishahara haikununua kitu, na watu walipeleka feza zao kwa Bindo Promotion wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi. Wa kwanza walilipwa kweli, wakasimulia, foleni ikakua. Halafu ikaanguka. Hakukuwa na WhatsApp wala kripto. Kulikuwa na njaa, na kulikuwa na mtu aliyejua njaa inavyosikiliza.

Jirani zetu wa Uganda nao yamewakuta. Mwaka 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilikuwa na ofisi Kampala na Masaka, watu wanaingia, wanasalimiwa, wanapewa risiti. Mwezi Desemba wakakuta milango imefungwa. Maelfu walipoteza feza, na baadhi ya wakurugenzi walipelekwa mahakamani. Basi mtu asikuambie "hawa wana ofisi, si wezi". Kibao mlangoni si mizani.

Kabla ya hapo kulikuwa na OneCoin, iliyoanzia Bulgaria na kufika mpaka Uganda. Mwenye nayo, Ruja Ignatova, alijaza ukumbi mkubwa wa Wembley kule London mwaka 2016. Oktoba 2017 alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na tangu siku hiyo hajaonekana hadharani. Mwaka 2022 FBI ya Marekani ilimweka kati ya watu kumi inaowatafuta zaidi. Mwenzake Karl Greenwood alihukumiwa miaka 20 mwaka 2023. Feza zilizopotea zinahesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 4. Na ile sarafu haikuwa na daftari la wazi hata kidogo. Kulikuwa na namba kwenye skrini, kama zile 412 zetu.

Sasa mambo madogo ya kila siku, shikeni vizuri.

Namba zinazokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni ya telefone. Kama una pochi ya kripto, yale maneno 12 au 24 ya siri yaandike kwenye karatasi, uyafiche. Usiyapige picha, usiyatume kwa mtu. Anayeyajua ndiye mwenye feza. Usiweke programu inayotumwa kwenye WhatsApp kama faili, kwa sababu inaweza kusoma SMS zako zote. Rafiki akiandika ghafla "nimepata dola 500, jaribu na wewe", mpigie, usikie sauti yake. Mara nyingi konti yake imeibwa, na anayeandika si yeye. Na picha ya mtu mashuhuri, video yake akisifu sarafu fulani, siku hizi inatengenezwa na kompyuta. Isikudanganye.

Na wewe ambaye tayari umeliwa? Uko hapa kati yetu, tunajua, na hatukuulizi unyooshe mkono. Kwanza, usiongeze hata franka moja juu ya kuzifuata zilizokwenda. Sisi tuliongeza 60. Pili, hifadhi kila kitu: picha za skrini, SMS, namba uliyotumia, tarehe. Kama ulituma kwa feza ya telefone, piga simu kwa kampuni saa ileile, kabla hazijatolewa upande wa pili. Tatu, peleka malalamiko polisi au kwenye parke. Kifungu cha 98 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kinaadhibu eskrokeri kwa kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka mitano. Mkienda wengi pamoja, mtasikilizwa zaidi kuliko kila mmoja peke yake. Nne, kaa macho na yule atakayekuja baadaye kusema "ninaweza kukurudishia feza zako, nipe dola 30 tu". Huyo ni mwizi yuleyule, amebadili shati.

La mwisho ndilo gumu. Sema. Sisi tulikaa kimya wiki tatu juu ya aibu, na katika wiki hizo linki ileile ilizunguka Mangobo na Kabondo. Kuna watu waliingia kwa sababu waliona majina yetu humo na sisi hatukusema kitu. Hilo linatuuma kuliko dola 360. Kijana wa chuo au wa machimbo aliyepoteza feza zake hakuzipoteza kwa ujinga. Hakuna kazi, benki ziko mbali, mvua inafunga barabara, na telefone peke yake ndiyo inayomwita kwa jina. Mwizi anajua hayo yote. Sisi wenyewe tukimcheka aliyeliwa, tunamsaidia mwizi kuendelea na safari.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni mbili, na tunawaomba mzichukue. Ya kwanza: katika makundi yetu, hakuna linki ya kuweka feza itakayopita kabla ya kujibiwa maswali manne, hata ikiletwa na kiongozi wetu. Ya pili: feza za likelemba hazitoki bila mwenye zamu kusema ndiyo kwa mdomo wake.

Tunaendelea kudai hesabu kwa wanaotutawala, hatujaacha. Lakini dada yetu alisema kweli: anayedai hesabu juu, aanze kuidai katika kundi lake. Bado tuna deni lake la dola 80. Tukimaliza kulilipa tutaandika hapa hapa, mjue.