Twende au Tungoje? Safari za Vikundi Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Mazungumzo na watumiaji wa huduma wa Handeni na Korogwe



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka likiwa limekwisha kuharibika: namna ya kuamua kama tusafiri au tusisafiri pale ugonjwa wa kuambukiza unapotangazwa, hasa tunapokuwa tumekwisha kulipa fedha. Neno langu kuu ni moja, nami nalitanguliza ili msiondoke bila kulisikia: uamuzi wa kusafiri wakati wa maradhi hufanywa siku ya kulipa. Aliyelipa fedha isiyorudi, siku ya safari ikifika, hana tena uhuru kamili wa kubaki nyumbani, hata akiwa mgonjwa.

Funzo kutoka melini

Wako watu duniani ambao mapumziko yao ni kukaa melini siku nyingi, wakilala, wakila na kucheza humo humo. Mwanzoni mwa mwaka 2020, mojawapo ya meli hizo, Diamond Princess, ilifika bandari ya Yokohama nchini Japani ikiwa na watu 3,711. Abiria mmoja aliyekuwa ameteremka Hong Kong tarehe 25 Januari alikuwa amegundulika kuwa na UVIKO-19. Meli ikawekwa karantini. Hadi mambo yalipokwisha, watu 712 walikuwa wameambukizwa, yaani takriban mtu mmoja katika kila watano, na baadhi yao walifariki dunia.

Mtasema, sisi wa Korogwe na Handeni hatuna bahari wala meli ya anasa. Ni kweli. Lakini kilichoifanya meli ile iwe ya hatari hakikuwa anasa yake. Ni watu wengi katika nafasi iliyofungwa, kwa muda mrefu, wakila pamoja, bila mlango wa kutokea. Hayo manne sisi pia tunayo katika safari zetu.

Kwetu kikundi cha akina mama hujichanga mwaka mzima ili waende Unguja siku tatu. Wengine huteremka Tanga wakavuke kwenda Pemba kwa harusi au mazishi. Shule hupeleka watoto kuiona bahari. Mtu wa Handeni huingia barabara kuu pale Mkata, na wa Korogwe hupita Segera, wote wakielekea Dar es Salaam kupanda boti. Wengi huogopa bahari katika safari hiyo, lakini boti iendayo kasi huvuka kwenda Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, na abiria aweza kukaa mahali penye upepo. Basi, kwa upande wake, ni chumba cha saa tano au zaidi, na mvua ikinyesha madirisha yote hufungwa. Kwa ugonjwa unaosafiri kwa pumzi, sehemu ya kuhofiwa zaidi ni ile tuliyoizoea.

Wala jambo hili si geni pwani yetu. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kilijengewa jela katika miaka ya 1890, lakini majengo yale yakaishia kuwa karantini ya abiria waliofika kwa meli. Leo watalii huenda kuwatazama kobe wakubwa, na wachache hukumbuka kwamba hapo zamani msafiri alisubiri siku zake kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini.

Mama aliyepanda basi na homa

Naomba tuchukue mfano. Tuseme kikundi kina wanachama 30, na safari ya Unguja ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja: nauli ya basi, boti, malazi na chakula. Jumla ni shilingi 4,500,000. Fedha yote imekwisha kukabidhiwa kwa mwandaaji wa safari, na kwenye stakabadhi yameandikwa maneno mafupi: fedha hairudishwi.

Usiku wa kuamkia safari, mama mmoja anapatwa na homa na kikohozi. Anajua kwamba wiki ile kuna tangazo la maradhi, na anajua afanye nini. Lakini shilingi 150,000 ni akiba ya miezi mingi ya kuuza mboga na maandazi. Anameza dawa ya kutuliza homa, anajifunga kanga, na saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni. Akiulizwa, anajibu kwamba ni uchovu tu.

Tusimlaumu haraka. Si mtu mbaya, na wengi wetu tungefanya alivyofanya. Yale maneno mafupi ya kwenye stakabadhi ndiyo yaliyompandisha basi, na pamoja naye wakasafiri wenzake 29 ambao kila mmoja atarudi kwake kwenye bibi mzee, mume mwenye kisukari, au mtoto mchanga.

Ndiyo maana nasema kwamba sharti la kurudishiwa fedha ni suala la fedha na ni suala la afya pia. Swali la kwanza la kumwuliza mwandaaji, kabla hamjauliza hoteli ina kiyoyozi au haina, ni hili: mmoja wetu akiugua asubuhi ya safari, fedha yake itakuwaje?

Mambo matatu ya kufanya kabla ya kulipa

Kwanza, lipeni kwa awamu. Malipo ya awali yawe madogo, na sehemu kubwa ilipwe karibu na siku ya safari. Mwandaaji mwenye sababu ya kutaka yote mapema aeleze sababu hiyo: pengine yeye naye ametakiwa kulipia vyumba. Akieleza, mtajua ni kiasi gani hakitarudi na ni kiasi gani kinaweza kurudi.

Pili, andikeni sharti la mgonjwa. Maneno machache yatosha: atakayeugua, au atakayekuwa anamwuguza mtu nyumbani, atarudishiwa kiasi fulani, au atahamishiwa safari nyingine, au nafasi yake atapewa mtu mwingine. Waandaaji wengi watakubali mojawapo ya hayo wakiombwa mapema na watu 30. Hawatakubali wakiombwa na mtu mmoja alfajiri kituoni. Ahadi ya mdomo haitoshi. Iandikwe kwenye stakabadhi au katika karatasi iliyotiwa saini, nayo nakala ikae kwa mweka hazina.

Tatu, kama mwandaaji amekataa kabisa, kikundi kijikinge chenyewe. Kila mwanachama aongeze shilingi 5,000 katika mfuko wa dharura. Watu 30 kwa 5,000 ni shilingi 150,000, yaani safari nzima ya mtu mmoja. Akiugua mmoja, arudishiwe yote. Wakiugua wawili, wagawane. Asipougua mtu, mfuko unarudi kwenye akiba ya kikundi. Kwa gharama hiyo ndogo mnanunua jambo kubwa: mwenzenu atakuambieni ukweli juu ya homa yake.

Safari ikivunjika, nani anabeba hasara?

Hapa watu wengi huchanganya mambo matatu, nami naomba tuyatenganishe.

La kwanza ni pale mwandaaji anapoahirisha mwenyewe, labda kwa sababu abiria wamepungua. Huyo hakutoa huduma aliyolipwa, na anapaswa kurudisha fedha. Asiwalazimishe kungoja tarehe mpya isiyojulikana kama ninyi hamuitaki.

La pili ni pale safari inapokuwa haiwezekani, kwa mfano mamlaka zimesimamisha vyombo au zimefunga mipaka. Hili lilitokea mbele ya macho yetu. Mwezi Aprili 2020 Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na ziliruhusiwa tena mwezi Mei. Mwezi Juni mwaka huo huo Saudi Arabia ilitangaza kwamba Hija itafanywa na watu waliokwisha kuwamo ndani ya nchi hiyo tu, na mahujaji wa nchi nyingine, wetu wakiwamo, hawakwenda. Katika hali kama hiyo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza kwamba mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa haiwezekani hubatilika, na aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika ana wajibu wa kuyarudisha au kuyafidia. Kwa hiyo msikubali upesi kuambiwa kwamba ni kazi ya Mungu na fedha imekwenda.

La tatu ni pale safari ipo, vyombo vinakwenda, lakini wewe umeona heri ubaki. Hapa sheria haikusaidii sana. Kinachokusaidia ni kile mlichoandika. Narudia: hapa ndipo wengi hupoteza, na hapa ndipo lile sharti la mgonjwa hufanya kazi.

Aidha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Akikuambieni kwamba eneo mnalokwenda halina ugonjwa wowote hali anajua sivyo, au kwamba fedha hurudishwa hali haina marejesho, amevunja sheria. Tunzeni stakabadhi, ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo ya mtandao wa simu. Anzeni kwa kudai kwa maandishi. Mkishindwana, nendeni kwenye ofisi inayohusika na huduma hiyo au Mahakama ya Mwanzo.

Kila ugonjwa una njia yake

Ndugu wananchi, tusiseme "ugonjwa" kana kwamba yote ni mamoja. Anayeamua kusafiri aulize kwanza: huu unaenea vipi?

Ukiwa wa pumzi kama UVIKO-19, jambo la kutazama ni hewa na muda. Ombeni basi la madirisha yanayofunguka, abiria wote wawe wameketi, barakoa zivaliwe, na safari ikatwe kwa vituo vya kushuka na kupunga upepo. Kulala watu sita chumba kimoja ili kupunguza gharama ni kununua hatari kwa bei nafuu.

Ukiwa kipindupindu, hewa ya basi si tatizo. Tatizo ni maji, chakula na choo. Hapo ulizeni mtakula wapi njiani, nani anapika, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Chakula kiliwe cha moto, matunda yamenywe kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Mtu akianza kuharisha maji maji, apewe maji ya chumvichumvi na sukari na apelekwe kituo cha afya upesi, kwa maana ugonjwa huo huweza kuua kwa muda wa saa chache.

Ukiwa wa virusi vya Marburg, kama ule uliotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023 na tena wilayani Biharamulo mwezi Januari 2025, maambukizi hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Mtalii aweza kuwa salama, lakini anayekwenda kuuguza au kuosha maiti yumo hatarini kweli kweli. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 21. Aliyekutana na mgonjwa asisafiri na kikundi katika siku hizo.

Habari hizi zitafuteni kwa Wizara ya Afya, kwa mganga mkuu wa wilaya, au kwa kupiga simu namba 199 bila malipo. Sauti iliyosambazwa kwenye simu bila jina wala tarehe isiwe mshauri wenu. Lakini pia mkumbuke kwamba kutosikia tangazo si uthibitisho kwamba ugonjwa haupo. Mkiona hospitali imejaa watu wa dalili moja, tumieni akili mliyopewa.

Maswali ya kukaa nayo mkutanoni

Kabla mweka hazina hajatoa shilingi moja, kaeni mjiulize. Nani anatusubiri nyumbani, na je, tukimletea ugonjwa ataweza kuustahimili? Tukizuiwa huko kwa siku kadhaa, tuna fedha ya kula na kulala, na nani atawatazama watoto na mifugo? Mmoja akizidiwa, hospitali iliyo karibu ni ipi? Safari hii inaweza kungoja? Harusi ya mtoto na mazishi ya mzazi vina uzito wake, wala sitamfundisha mtu kumkataa ndugu yake. Lakini matembezi ya Unguja mwezi huu yanaweza kuwa matembezi ya Unguja mwezi wa tatu ujao, nayo bahari haitahama.

Mkijibu haya na bado mkaona mwende, nendeni kwa amani na kwa tahadhari. Mkiona mngoje, msione aibu. Na kwa vyovyote, asiwepo mwanachama wenu hata mmoja ambaye, alfajiri ya safari, atalazimika kuchagua kati ya akiba yake na afya ya wenzake.